Namba Sita Aliyeachwa Nyumbani

Ukitaka kujua kocha wa Taifa Stars, Emmanuel Amunike, aliipotezea wapi Afcon ya 2019, usianze na mechi ya Senegal. Chukua orodha ya wachezaji 23 aliokwenda nao Misri, umtafute Jonas Mkude, kiungo mkabaji, namba sita wa Simba. Hayumo. Umtafute na Ibrahim Ajibu. Hayumo pia. Ajibu nitamfikia. La Mkude ndilo lililonikaa kooni.

Mazuri ya kocha nayataja: aliifunga Uganda 3-0 pale Uwanja wa Taifa, Machi 24, 2019, akaturudisha Afcon baada ya miaka 39. Tuendelee.

Mechi ya Kenya, Juni 27, Cairo, mliiona. Msuva akatufungia dakika ya 6. Olunga akawasawazishia Wakenya kwa tikitaka dakika ya 39, na kabla hawajamaliza kushangilia, Samatta akatupa la pili. Mbili kwa moja. Timu iliyofika hapo dhidi ya jirani inayemjua nje ndani haihitaji bao la tatu. Inahitaji kuupooza mchezo. Mpira urudi nyuma, uende kulia, urudi, mpinzani akimbie bure hadi apandwe na hasira.

Sisi tulifanya kinyume. Tukiupata, tulibutua mbele, na mbele ukarudishwa kama ulivyokwenda. Viungo wetu walikaba, tena kwa moyo, lakini kukaba ni nusu ya kazi ya namba sita. Nusu ya pili ni kuuomba mpira wakati kila mwenzako anauogopa. Dakika ya 62, kona, kichwa cha Johanna Omolo. Dakika ya 80, Olunga tena. Lawama wakatupiwa mabeki, kama kawaida yetu, ilhali beki anayeshambuliwa kipindi kizima lazima afike mahali akose mtu.

Sisi wa Unyamwezi jambo hili la kuongoza mwendo hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Msafara uliotoka hapa Tabora kwenda Bagamoyo ulikuwa na kirangozi, na kirangozi hakuwa mwenye mali wala mwenye bunduki. Alikuwa mpagazi mwenzao, aliyejua njia na visima, na hatua zake ndizo zilizoamua msafara uende mbio au upumzike. Himid Mao, Mudathir Yahya, Frank Domayo na Feisal Salum, aliyekuwa na miaka 21 tu, walikuwa wabebaji hodari. Wa kushika mbele kwa mwendo wa utulivu aliachwa nyumbani, katika msimu ambao akiwa na Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Al Ahly na AS Vita wakifungwa Dar es Salaam.

Najua nitajibiwa nidhamu. Agosti 2018 Amunike aliwaondoa wachezaji sita wa Simba kwa kuchelewa kambini, na Mkude alikuwa mmoja wao. Sawa, kambi ina sheria. Lakini Erasto Nyoni na John Bocco walikuwa katika orodha hiyohiyo, wakasamehewa, na Nyoni akaifunga Uganda kwa penalti. Msamaha wa wawili ulikuwa wa busara. Wa tatu uliishia wapi?

Kinachoniudhi zaidi ni aliyeamua. Huyu Amunike ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya Afcon 1994 kule Tunis, Zambia wakalala 2-1, akawa Mchezaji Bora wa Afrika mwaka huo. Akafunga la ushindi dhidi ya Argentina katika fainali ya Olimpiki 1996, akaenda Barcelona. Winga wa maamuzi magumu! Lakini akiwa kocha, aliwaamini wakimbiaji. Ajibu alikuwa mvivu, hilo halina ubishi hata Ng'ambo na Isevya hapa Tabora, lakini nahodha huyo wa Yanga wakati huo alikuwa anatoa pasi za mwisho nyingi kuliko yeyote kwenye ligi. Dakika ya 81, mkiwa nyuma kwa bao moja, unamtaka nani benchi?

(Wachezaji wa mikoani ndiyo kabisa hawakuonekana, na hili nitaendelea kulisema. Tangu Rhino Rangers ishuke 2014 Tabora haikuwa na timu Ligi Kuu, na kijana wa huku alionekana akishapanda treni kwenda Dar.)

Taifa Stars ya Afcon ya 1980, ya Joel Bendera na Mpolandi Slawomir Wolk, nayo haikuvuka makundi kule Nigeria. Lakini ilikuwa na Juma Mkambi, "Jenerali", aliyewafunga wenyeji kwao Lagos, na iliondoka na pointi moja kwa sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ilifunga matatu, ikafungwa sita. Ya Amunike ilifunga mawili, ikafungwa manane, pointi sufuri. Matatu kati ya hayo manane yaliingia katika kipindi cha kwanza cha mechi moja, yakifungwa na Algeria iliyokuwa imepumzisha karibu kikosi kizima. Julai 8 TFF ikaachana naye.