Majini wa Kijuju: Mchezo wa Video, Biashara ya Matini na Matarajio ya Hadhira

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kuzikubali filamu, nyimbo na tamthilia za redio kuwa matini zinazostahili kuchunguzwa. Mchezo wa video bado umesimama mlangoni. Hata hivyo, katika mtaa kama Ziwa la Ng'ombe, upande wa Kisauni, yamkini kijana wa leo akakutana na masimulizi marefu ndani ya kibanda cha gemu kabla ya kukutana nayo katika riwaya. Makala haya yanauchunguza mchezo mmoja, Resident Evil 5, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2009, kwa kuuliza swali moja: anayeuza matini anadaiwa nini na hadhira yake?

Swali hili si geni. Hans Robert Jauss, katika nadharia yake ya upokezi, alieleza kwamba msomaji huiendea kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozijua awali. Kwa Waswahili upeo huo una alama zake. Mtunzi wa utendi hufungua kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, na aghalabu hufunga kwa kutaja jina lake, mwaka wa utunzi na idadi ya beti. Hesabu hiyo ni hati ya ukamilifu: mnakili akipunguza ubeti, msomaji atajua kwamba amepunjwa.

Jini asiye na shauri

Mandhari ya Resident Evil 5 ni Kijuju, mahali pa kubuni katika Afrika ya Magharibi. Wahusika wakuu, Chris Redfield na Sheva Alomar, wanapambana na wenyeji walioingiwa na vimelea vinavyowanyang'anya utu. Wenyeji hao wanaitwa Majini, nao wanapiga kelele kwa Kiswahili. Ukanda wa video wa kuutangaza mchezo huu ulipotolewa mwaka 2007, ulizusha mjadala mkali kuhusu taswira ya mzungu anayewapiga risasi Waafrika. Mjadala huo ulikuwa wa haki, lakini uliegemea zaidi rangi. Lugha inahitaji uchunguzi wake.

Kwanza, jiografia imevurugwa: lugha ya Mashariki imepandikizwa Magharibi, na jina la mahali limeundwa kwa kulibandika kiambishi ki- neno "juju", ambalo linahusishwa na Afrika ya Magharibi. Pili, na hili ni zito zaidi, dhana yenyewe imekaushwa. Katika imani na masimulizi ya pwani, jini ana jina, ana kabila, ana dini. Yupo mwema na yupo mbaya. Jini huulizwa anataka nini, akajibu, na mapatano yakafanywa. Kwa ufupi, ni mhusika mwenye kauli. Majini wa Kijuju hawana shauri wala ombi. Maneno yao yamewekwa yasikike kama sauti ya hatari, kwa mchezaji ambaye haitarajiwi ayaelewe.

Mfano wa pili unathibitisha kwamba hili si suala la lugha kutukanwa tu. Wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ulioandikwa kwa mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ya kwanza kutolewa kwa muziki uliotungiwa mchezo wa video. Hapa Kiswahili kimetukuzwa. Hata hivyo, si mchezo huu wala ule uliouzwa ukiwa na maelezo ya Kiswahili. Katika sala na katika kilio cha jini, lugha imetumiwa kama sauti. Msemaji wake hakuhesabiwa kuwa mnunuzi.

Beti zilizofungiwa

Wapenzi wa mchezo huo nao walikuwa na lalamiko lao. Mwezi Aprili 2009 Capcom iliuza nyongeza ya kuwashindanisha wachezaji kwa takriban dola 5. Kwenye mashine ya Xbox 360 faili lake halikufikia hata megabaiti 2, na wachezaji wakahitimisha kwamba sehemu kubwa ya walichouziwa tayari ilikuwa ndani ya diski waliyoinunua. Mwaka 2012 ilibainika kwamba katika diski ya Street Fighter X Tekken mlikuwa na wahusika 12 waliofungiwa hadi walipiwe. Kampuni ilitetea utaratibu huo kwa hoja za kiufundi.

Ipo hoja ya kuitetea kampuni. Kutengeneza mchezo ni ghali, na mpenzi wa kazi hana haki ya kudai kila wazo la mtunzi. Juzuu ya pili huuzwa peke yake, wala hakuna anayelalamika. Lakini juzuu ya pili haifichwi ndani ya jalada la kwanza. Kosa liko katika kumkabidhi mtu utendi kamili, kisha kumdai malipo mapya ili avunje lakiri ya beti za mwisho.

Kibanda kama kipimo

Kibanda cha gemu kinatoa kipimo kizuri. Humo mchezaji hanunui diski, analipia mechi. Ajua inapoanza na inapokwisha, na waliosimama nyuma yake ni mashahidi, kama hadhira ya fanani. Mapatano hayo ni madogo, lakini yako wazi. Biashara kubwa imeelekea kinyume: katika michezo ya kandanda huuzwa pakiti za wachezaji ambazo mnunuzi hajui zina nini, jambo ambalo tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa ni kamari.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba anayeuza matini ana madeni mawili: ukamilifu wa kazi na heshima ya lugha aliyoiazima. Wanunuzi wa diski walidai deni la kwanza kwa sauti kubwa, kwa kuwa walikuwa na risiti. Kijana wa Ziwa la Ng'ombe, anayesikia lugha ya mama yake ikitoka katika vinywa vya viumbe wa kupigwa risasi, hana risiti ya kudai la pili. Kulidai kwa niaba yake ni kazi ya mhakiki wa Kiswahili, na kazi hiyo haianzi mpaka mchezo wenyewe usomwe.