Mabao 11 Rabat: tundu la Burundi lilikuwa nyuma

Julai 2022 timu ya taifa ya wanawake ya Burundi ilirudi kutoka Rabat ikiwa mkiani mwa Kundi C la Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake (WAFCON). Mechi tatu, pointi sifuri, mabao matatu ya kufunga na 11 ya kufungwa. Hapa Bujumbura maelezo yalikuwa mepesi: tulipangwa na Nigeria na Afrika Kusini, tungefanya nini? Sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu matokeo yenyewe yanasema jambo jingine.

Yatazame kwa mpangilio wake. Julai 4, Botswana 4, Burundi 2. Julai 7, Afrika Kusini 3, Burundi 1. Julai 10, Nigeria 4, Burundi 0. Nigeria ilifika Morocco ikiwa bingwa mara tisa wa mashindano haya. Botswana ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza, kama sisi. Hata hivyo kila moja ilitufunga manne. Afrika Kusini, ambao ndio waliotwaa kombe Julai 23, walitufunga machache kuliko Botswana. Ingekuwa shida ni ukubwa wa wapinzani tu, Botswana isingetufunga sawa na Nigeria. Ongeza na fainali ya mashindano ya wanawake ya CECAFA, yaani ya Afrika Mashariki na Kati, ya Juni 11 mwaka huohuo kule Njeru, ambako wenyeji Uganda walitushinda 3-1. Hizo ni mechi nne kubwa ndani ya mwezi mmoja, na hakuna hata moja tuliyofungwa chini ya mabao matatu. Tundu lilikuwa nyuma, na lilikuwa lilelile kila siku.

Mechi iliyotugharimu zaidi ni ya kwanza kule Rabat, dhidi ya Botswana. Mashindano yalikuwa na timu 12 katika makundi matatu, na nane zilikuwa zinapita: mbili za juu za kila kundi, pamoja na washindi wa tatu wawili bora. Botswana na Tunisia zilipita kwa pointi tatu tu kila moja. Maana yake ushindi mmoja dhidi ya Botswana ungetupeleka robo fainali, na robo fainali ya mwaka ule ilikuwa mlango wa Kombe la Dunia la 2023: washindi wanne walifuzu moja kwa moja, walioshindwa wakapewa mchujo mwingine. Siku hiyo tulifunga mabao mawili. Timu inayofunga mawili katika mechi ya aina hiyo imetimiza sehemu yake ya mbele. Tulichokosa ni ulinzi wa kuyalinda.

Kwa nini ulinzi ulikuwa dhaifu kuliko ushambuliaji? Sababu ya kwanza iko katika njia tuliyopita. Mashindano ya 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, na yale ya 2022 yakapanuliwa kutoka timu nane hadi 12. Katika mchujo tulipangwa na Eritrea, kisha Jibuti, tukazitoa zote mbili. Tulistahili kufuzu, na kikosi cha kocha Gustave Niyonkuru kiliandika historia ambayo nchi hii haikuwa nayo. Lakini njia ile ilizipima miguu ya washambuliaji zaidi ya vichwa vya mabeki. Kipimo kizito cha ulinzi kilikuja Njeru, na kutoka fainali ile hadi mechi ya Botswana zilikuwa siku 23.

Sababu ya pili ni mahali wanapokomaa wachezaji wetu. Burundi imenufaika sana na ligi ya Tanzania. Mshambuliaji Asha Djafari na kiungo Joelle Bukuru wameichezea Simba Queens ya Dar es Salaam, na ushindani wa kule huwanoa. Mshambuliaji aliyenolewa hivyo huja kambini na ujuzi wake kamili: mbio, kumtoka beki, kupiga golini bila kusita. Safu ya ulinzi hainolewi mmoja mmoja. Hata ukiwa na mabeki wanne hodari kutoka klabu nne tofauti, bado huna ulinzi mpaka wacheze pamoja wazoeane.

Sababu ya tatu iko mitaani kwetu. Pita mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, jioni uwatazame watoto wakicheza. Goli ni mawe mawili, kiwanja ni upana wa barabara, hakuna kuotea, na kipa ni yule aliyechoka kukimbia. Mchezo huo unafundisha kumiliki mpira mahali finyu na kumhadaa mtu, na ndiyo maana hatukosi mafundi wa mpira. Haumfundishi mtoto kusogea mita tano kwa sababu mwenzake amesogea mita tano. Msichana anaweza kufika klabu ya ligi akiwa stadi wa chenga na hajawahi hata siku moja kusimama katika mstari wa mabeki wanne.

Chukua tukio moja la kawaida. Beki wa kulia amepanda kusaidia shambulizi, na mpira unapotea katikati ya uwanja. Kuanzia hapo timu ina sekunde tatu au nne tu. Kiungo mkabaji ama ambane mwenye mpira asipige mbele, ama akimbilie nafasi aliyoiacha beki. Beki wa kati wa upande huo akivutwa pembeni, mwenzake asogee kuziba kati, na beki wa kushoto aingie ndani. Kipa naye atoke mstarini hadi karibu na ukingo wa eneo la hatari, tayari kuusafisha mpira mrefu. Watu watano wanatakiwa kufanya uamuzi mmoja kwa wakati mmoja. Akichelewa mmoja tu, mshambuliaji mwenye kasi kama Thembi Kgatlana wa Afrika Kusini amebaki na kipa. Uelewano huo hautokani na kipaji wala moyo wa kupigania bendera. Hujengwa kwa kurudia zoezi lilelile, na watu walewale, mpaka miguu ijue kabla ya kuambiwa.

Majirani zetu wameionja shubiri hiyohiyo. Tanzania walishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2010: vipigo vitatu, mabao manane ya kufungwa. Kenya mwaka 2016: vipigo vitatu, mabao 10. Sisi 11. Tanzania waliporudi Julai 2025 walifungwa 1-0 na Mali, wakatoka sare 1-1 na Afrika Kusini, kisha wakafungwa 4-1 na Ghana. Bado hawakuvuka kundi, lakini walifungwa sita, na mechi mbili kati ya tatu walikuwa ndani ya mchezo mpaka filimbi ya mwisho. Katikati ya safari hizo mbili kuna Ligi Kuu ya Wanawake iliyoanza msimu wa 2016/17, yaani miaka ya mabeki kukutana na washambuliaji wakali kila wiki.

Hii ndiyo kazi iliyo mbele ya shirikisho letu, na haihitaji muujiza. Mabeki na makipa wanaocheza nyumbani wakusanywe Bujumbura kila mwezi kwa kambi fupi ya ulinzi peke yake, bila kungoja ratiba ya mchujo. Kila dirisha la FIFA litumike kuwatafutia mechi na timu zinazotuzidi, hata kama tutafungwa. Na wasichana wa chini ya miaka 15 wapewe ligi ya uwanja kamili, yenye kuotea na mwamuzi. Nchi iliyomtoa Lydia Nsekera, rais wa zamani wa shirikisho letu na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Kamati Kuu ya FIFA mwaka 2013, haiwezi kusema haijui thamani ya soka la wanawake. Mabao ya kufunga tunayo. Tuwajenge mabeki sasa, kabla droo nyingine haijatukuta vilevile.