Moto Ulioombwa: Uhakiki wa Riwaya ya Helon Habila

Riwaya ya Helon Habila wa Nigeria, iitwayo Oil on Water, yaani Mafuta juu ya Maji, ilitolewa mwaka 2010. Mandhari yake ni delta ya mto Niger, nchi ambayo mafuta yake yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Ni rahisi kuisoma kama kitabu cha maji machafu na samaki waliokufa. Sisi twaona kwamba uzito wake umo katika swali gumu zaidi: mafuta hununuaje matamanio ya watu kabla ya kuharibu mito yao?

Mwandishi wa habari kijana, Rufus, anafuatana na mkongwe wa kazi hiyo, Zaq, kumtafuta mke wa mhandisi Mwingereza aliyetekwa nyara. Mtumbwi unawapitisha katika vijiji vilivyohamwa, kambi ya askari na maficho ya waasi. Fani ya safari inamfaa msanii huyu, maana inamwezesha kuonyesha bila kuhutubu. Masimulizi nayo yamekatwakatwa. Yaliyopita yanaingia katikati ya yaliyopo pasipo hodi, nasi twapotea pamoja na wasafiri.

Kurasa bora kuliko zote ni zile za daktari anayeishi na askari. Anasimulia jinsi alivyofika katika kijiji chenye afya njema, akashangaa kuwakuta watu hawana raha: walitaka mafuta, kama majirani zao. Yakapatikana. Mwali wa gesi ukawashwa, watu wakafurahi, wakafanya soko la usiku chini ya mwanga wake. Daktari alipopima maji, akakuta sumu inapanda. Kampuni ikamwandikia hundi. Na baadaye, watu walipoanza kufa, serikali ikamshukuru na kuyaweka matokeo yake kabatini. Hapa Habila anakataa njia nyepesi ya kumfanya mwanakijiji awe malaika. Moto uliombwa. Lakini walioomba hawakuambiwa bei yake, na waliojua bei walilipwa au walinyamaza. Tofauti hiyo ndiyo hukumu ya riwaya. Inathibitishwa na habari za Chifu Malabo, aliyekataa kuuza ardhi, akakamatwa, akafia kizuizini.

Dhamira hiyo inaingia pia nyumbani. Baba yake Rufus anapoteza kazi, anaanza kuuza mafuta ya magendo, na moto unamchoma uso binti yake, Boma. Uchumi wa mafuta hauishii kisimani; unakaa ghalani, karibu na kitanda cha watoto.

Hata hivyo riwaya ina upungufu ambao hatuwezi kuupita kimya. Boma anaonekana kuliko anavyosikika. Wanawake wa vijijini nao ni vivuli. Wavuvi wanasema machache, na hayo machache yanapita kinywani mwa Rufus, mtu aliyesoma, anayewaandikia wasomaji wa mjini. Msanii anayelaumu kampuni kwa kutowasikiliza wenyeji alipaswa kuwapa wenyeji nafasi pana zaidi ya kusema.

Sisi wa Kiswahili tunajua sauti hiyo inaweza kuwa na nguvu gani. Mwaka 2013, watu wa Mtwara, Tanzania, walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, walisema: gesi haitoki. Hawakusema haitatoka. Kikanushi hicho ni cha wakati uliopo. Msemaji haombi wala hatabiri, bali anakata shauri. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015, nayo gesi ikatoka. Lakini maneno mawili yale yanatufundisha juu ya haki, ardhi na dola mambo ambayo mhusika Rufus hakuweza kuyasikia.

Jambo hili si la mbali. Mafuta yaligunduliwa upande wa Uganda wa Ziwa Albert mwaka 2006, na bomba la kuyafikisha Tanga limepangwa kwa urefu wa kilomita 1,443. Ng'ambo ya ziwa hilo ni Ituri yetu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mwaloni. Wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi za mwisho waende wakasikilize watu wanavyoutaja utajiri huo, wanavyoutamani na wanavyouogopa. Habila ameonyesha kwamba baada ya mwali kuwashwa, anayebaki kusimulia ni daktari peke yake.