Mzee Amevaa Kanzu: Kitabu cha Swan Mikononi mwa Mwanafunzi Wetu

Wengi wenu mnakifahamu kitabu cha Michael Swan, Practical English Usage, kilichotolewa mara ya kwanza na Oxford University Press mwaka 1980. Nakala ya idara yetu ni ya toleo la tatu, la 2005, na jalada lake sasa linashikiliwa na gundi. Tunapobishana kuhusu tafsiri ya Kiingereza, kitabu hiki ndicho huitwa kutoa hukumu. Nami nimekitumia kuhukumu, na safari moja nilihukumu vibaya.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili alitafsiri "Mzee amevaa kanzu" kuwa "The old man has worn a kanzu". Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: njeo. Akaja ofisini na kitabu. "Mwalimu, hapa wanasema njeo hii hutumika tendo likiwa limekwisha na matokeo yake yapo sasa. Mzee si amekwisha kuvaa? Na kanzu si iko mwilini?" Nilikosa la kumjibu, kwa kuwa kanuni alikuwa ameifuata barabara.

Kosa halikuwa la njeo hata kidogo. Kitenzi vaa kwa Kiswahili hutaja tendo la kuingiza nguo mwilini. Mtu anayevaa bado anahangaika na vifungo, aliyemaliza amevaa. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili: "put on" ni tendo, "wear" ni hali inayofuata. Kwa hiyo -me- yetu hapa ni "is wearing". Ndivyo ilivyo kwa amelala, amesimama, ameketi, ameshiba, hata ndizi zimeiva. Kiambishi ni kimoja, lakini Kiingereza hukijibu mara kwa kitenzi, mara kwa kivumishi. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba -me- ni "has" atakosea kila mara, tena kwa utiifu.

Je, Swan alaumiwe? Si sana. Maelezo yake ni mafupi na ya wazi, na haoni haya kuonyesha sentensi isiyokubalika kando ya ile inayokubalika. Tatizo ni kwamba kitabu kinamhudumia vizuri mtu anayejua tayari jina la ugonjwa wake. Matoleo matatu ya kwanza yamepangwa kialfabeti. Kijana wetu angetafuta wapi? Toleo la nne, la 2016, limepanga sarufi kwa mada, na hilo ni afadhali, ingawa mada zenyewe ni za Kiingereza, si za swali lililomleta msomaji.

Chukueni pia jibu la swali kanushi. Ukiniuliza "Hujala?" nami sijala, nitasema "Ndiyo, sijala", maana nakubaliana na ulichosema. Mwingereza atasema "No", kwa sababu sentensi yake ni kanushi. Kanuni hii imo kitabuni. Kisichomo ni kwamba "Yes" ya mwanafunzi wetu ina mantiki kamili, na mwalimu asiyeijua hiyo mantiki humwona mjinga.

La kusikitisha ni kwamba Swan anajua haya. Yeye na Bernard Smith walihariri Learner English (Cambridge University Press, 1987, toleo la pili 2001), ambamo makosa ya wanafunzi yamepangwa kwa kufuata lugha zao za kwanza, na mna sura nzima kuhusu wazungumzaji wa Kiswahili. (Wengi wetu huku Uganda Kiswahili si lugha ya kwanza, lakini Luganda na jamaa zake hutufikisha kwenye makosa mengi yaleyale.) Maarifa hayo yangeingizwa walau kwa vidokezo katika kitabu kikubwa, kile ambacho wanafunzi hukifungua. Kwa sasa vitabu hivi viwili havina budi kusomwa pamoja, na idara yetu ina kimoja tu. Naomba fedha za vitabu muhula ujao zianzie hapo.

Yule kijana nilimrudishia nusu alama. Bado analalamika, na sina hakika kwamba amekosea.