Upande wa Ndani wa Kofia

Anayetaka kuijua kofia ya viua aipindue kwanza. Kwa nje macho hudanganyika upesi, maana nakshi nyeupe juu ya kitambaa cheupe huficha ulegevu mwingi. Ndani ndiko kunakoonyesha kama mshonaji alijua kuumaliza uzi au aliukata tu. Na uzi humalizwa mara nyingi kuliko mvaaji anavyodhani. Mshonaji hodari hatungi uzi mrefu, kwa kuwa uzi mrefu hujisokota, tena huchakaa kwa kupita kitambaani mara kwa mara. Hutosheka na kama dhiraa moja. Kofia moja ina mamia ya viua, kila kimoja tundu lililotobolewa na kuzungushiwa mishono ya kubana, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Basi uzi huanza na kuisha tena na tena, na kila mara ncha mbili hutaka mahali pa kukaa. Kuzistiri ncha hizo ni sehemu ya ushonaji wenyewe, sawa na kutoboa tundu na kulizungushia uzi.

Asiyejali hupiga fundo. Mjuzi huipitisha ncha chini ya mishono iliyokwisha kukazwa, akairudisha nyuma kidogo ili isichomoke, ndipo akaikata karibu kabisa na kitambaa. Uzi mpya nao huuanza kwa mishono midogo ambayo nakshi itaifunika. Tofauti ya mikono hii miwili haionekani siku ya kununua. Kofia hufuliwa, hutiwa kanji, huwambwa ikauke na umbo lake, huvaliwa ikasuguana na kichwa, hukunjwa ikatiwa mfukoni. Fundo hutuna kama punje ya mchele, na pale lilipotuna ndipo kitambaa kinapoanza kulika. Likifumuka, hakilegei kiua kimoja tu: vyote vilivyozungushiwa uzi ule hulegea pamoja.

Wapo watakaouliza: upande wa ndani nani atauona? Swali lina uzito, hasa kwa kofia, kwani kitambaa chake huwa cha tabaka mbili na ncha yaweza kusukumwa katikati isionekane tena. Lakini ncha iliyofichwa bila kushikizwa huhama, na kitambaa chepesi cheupe huonyesha kivuli chake. Macho ya watu hukwepeka. Maji ya kufulia hayakwepeki. Wengine hutaja mashine, na ni kweli kwamba mashine hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, na ile ya kompyuta huzifunga ncha kwa mishono michache ya papo hapo. Kosa si lake. Kofia zake zilizojaa masokoni, Zanzibar, Mombasa, hata Omani ambako kofia ya namna hii ni vazi la kila siku na historia yake imefungamana na Zanzibar, zimetuzoeza kununua kwa kutazama uso peke yake.

Pingamizi lenye haki zaidi ni la mshonaji mwenyewe. Hulipwa kwa kofia, halipwi kwa saa alizoinamia upande usiotazamwa. Husemwa kwamba kizuri chajiuza, lakini uzuri huu haujiuzi, kwa sababu umekaa mahali ambapo mnunuzi hapageuzi. Mwenzake apigaye mafundo humaliza mapema na kupokea bei ile ile. Kumlaumu mwenzake huyo kwa kuharakisha ni dhuluma. Lawama ni yetu sisi wavaaji, tunaotaka kofia ya Idi au ya harusi, tukabishana bei bila hata kuipindua. Binti aliyekaa ubavuni pa mama yake akijifunza kushona anaiona hesabu hiyo. Anaona mama anavyoipitisha ncha, anaona pia kinacholipwa, na anachagua fundo.