Udongo Unaoidanganya Oveni

Mwaka 1958 zilichapishwa makala mbili ambazo mhandisi anayepandisha barabara kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, angefaa kuzisoma pamoja. Moja iliandikwa Cambridge na Roscoe, Schofield na Wroth. Nyingine ni ya Karl Terzaghi, kuhusu bwawa la Sasumua huko Nyandarua, Kenya, linalopeleka maji Nairobi.

Watu wa Cambridge walitaka hesabu ya mbonyeo usiorudi. Udongo ukibeba mzigo mdogo hubonyea kidogo, na mzigo ukitolewa hurudi karibu ulivyokuwa. Mzigo ukizidi, chembe huteleza, nafasi kati yake hufungika, na hapo hakuna kurudi. Mfumo uliokua baadaye kutokana na kazi hiyo, Cam Clay, huchora mpaka wa hali hizo mbili kwenye grafu ya mikazo. Katika toleo la Roscoe na Burland la 1968 mpaka huo ni duaradufu. Ndani yake udongo unanyumbuka. Mkazo ukiufikia mpaka na kuusukuma, duaradufu hupanuka: udongo umebanwa, kwa hiyo umekuwa mgumu zaidi. Namba zinazohitajika ni chache, na iliyo kuu ni mzigo mzito kuliko yote ambao udongo huo umewahi kuubeba.

Kwa tope lililotuama chini ya ziwa, namba hiyo ina maana. Udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro haukutuama popote. Umeozea pale pale juu ya mwamba wake wa volkeno. Ugumu wake umetoka kwingine.

Sasumua ilionyesha ni wapi. Udongo wa pale ulikuwa na chembe nyingi za udongo wa mfinyanzi na maji mengi, na hata baada ya kushindiliwa ulibaki mwepesi. Kwa vipimo vya mazoea ulistahili kukataliwa. Terzaghi alieleza kwamba madini yake, haloisaiti, hushikamana kuwa mafungu magumu yenye vinyweleo. Maji mengi yamejificha ndani ya mafungu na hayalainishi chochote. Ndiyo maana udongo ule ulikuwa imara na haukubonyea sana.

Oveni ya maabara haiyajui hayo. Hukausha sampuli kwa nyuzi 105 na kuhesabu kila tone lililotoka, pamoja na maji yaliyokuwa ndani ya fuwele, ambayo yakishatoka hayarudi. Unyevu unaoandikwa umetiwa chumvi, na sampuli iliyobaki ni udongo mwingine. Atakayekadiria mbonyeo kwa kanuni zilizotungwa kwa udongo wa mfinyanzi wa Ulaya atapata jibu safi la swali lisilo lake.

Ukipanda Kilimanjaro hadi kwenye udongo mweusi, mwepesi, wenye madini ya alofeni, mambo huwa magumu zaidi. Udongo wa aina hii ukipitiwa na roli la kushindilia mara nyingi kupita kiasi, mafungu huvunjika, maji yaliyofichwa hutoka, na tabaka hulainika. Cam Clay ya asili inasema kubana kunakaza. Hapa duaradufu linapaswa kunywea, na kwa maoni yangu ndilo rekebisho muhimu kuliko yote. Leroueil na Vaughan walilipatia msingi mwaka 1990 walipoonyesha kwamba kiunzi cha udongo wa asili, yaani mpangilio na mshikamano wa chembe zake, huathiri tabia yake kwa uzito uleule wa historia ya mizigo.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Chukua sampuli isiyovurugwa, yenye unyevu wake wa asili, uibane hatua kwa hatua mpaka mstari wa grafu ukatike kuelekea chini. Kisha kanda udongo uleule, ubane tena. Pengo kati ya mistari miwili ndiyo nguvu ya kiunzi, na ndiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu. Tatizo ni muda: kila hatua kwa kawaida huachwa saa 24, na jozi nzima kwenye mashine moja inaweza kula wiki mbili. Mkandarasi anayekimbizana na mvua za masika hataiagiza kwa hiari yake. Mwenye barabara aiandike kwenye zabuni.