Ritifaa Iliyogeuzwa Nukta: Tahakiki ya Uingizaji wa Majina ya Safuwima katika Data za Pwani ya Kismayo

Watafiti wengi huchukulia kuwa kuingiza faili katika programu ya takwimu ni uchukuzi mtupu: data huhamishwa bila kuguswa. Makala haya yanapinga dhana hiyo kwa kuchunguza amri ya read.csv katika programu ya R.

Amri hiyo, isipoelekezwa vinginevyo, hugeuza kuwa nukta kila alama ya jina la safuwima isiyo herufi, tarakimu, nukta wala kistari cha chini. Jina linaloanza kwa tarakimu huongezewa X. 2014 huwa X2014. Mtumiaji haonywi.

Tuchukue jedwali la mfano la mazao ya wavuvi Wabajuni wa Koyama, Chovai na Chula yanayouzwa Kismayo. Safuwima ya "Ng'onda" huwa "Ng.onda". Msaidizi akiondoa nukta kwa nia ya kusafisha, hubaki "Ngonda": fonimu moja imekuwa nyingine. Kisomali nacho hakisalimiki. Hati yake ya Kilatini, iliyorasimishwa mwaka 1972, huandika hamza kwa ritifaa, hivyo "Lo'", yaani ng'ombe, huwa "Lo.". Hatari zaidi ni "Papa %" na "Papa #", ambazo huwa "Papa.." na "Papa...1". Kipimo kimefutika, na mshauri wa sera aweza kusoma asilimia 40 kuwa papa 40.

Watetezi wa utaratibu huu hudai kuwa majina sahili hurahisisha uandishi wa fomula. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi mabadiliko ya kimyakimya. Amri za fread na read_csv, zitumikazo ndani ya R hiyohiyo, huhifadhi majina yalivyo. Aidha, toleo la 4.0.0 la mwaka 2020 liliacha desturi ya kugeuza maandishi kuwa makundi, lakini ukaguzi wa majina ukabaki. Kwa hiyo, mazoea ya programu ni uamuzi wa watu, nao hubadilika.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, data za eneo hili ziingizwe kwa agizo la check.names = FALSE. Pili, kila faili iambatane na faharasa inayoonyesha jina asilia, msimbo wa uchanganuzi, kipimo na lugha. Kibajuni kina maandishi machache. Neno lililonakiliwa juu ya safuwima ni sehemu ya ushahidi wake, na lihifadhiwe kama tarakimu zilizo chini yake.